Tulivyokwenda Bara kwa Nyumba ya Magurudumu

Enzi zetu sisi watoto wa Al Qusais, mtaa wa wageni katika nchi ya Waarabu, na najua mtacheka maana wengi wetu hata thelathini hatujafika, mtoto alilelewa na maegesho ya magari. Uwanja hatukuwa nao. Tulikuwa na kile kipande cha lami na mchanga nyuma ya jengo, na hapo ndipo tulipocheza kriketi na watoto wa Kipakistani kwa mpira uliozungushiwa utepe, nasi tukawafundisha rede. Hakuna aliyejua nani kashinda kwa sababu kila mmoja alihesabu kwa lugha ya kwao. Ndege zilipita juu yetu zikienda kutua, chini kiasi cha kuona magurudumu yakitoka tumboni, na sisi tunazipungia mikono kwa nguvu zote tukiamini rubani anatuona. Kiu ikitushika tulivuka mpaka Al Twar, kwenye yale majumba yaliyowekewa tangi la maji baridi nje ya ukuta kwa ajili ya wapita njia, tukanywa mpaka meno yakauma. Watoto wa leo maji yanawafuata mlangoni, yakichelewa wanamshitaki aliyeyaleta kwenye simu.

Na kelele hatukuruhusiwa. Kila nyumba ilikuwa na mtu wa shifti ya usiku aliyelala mchana. Kwetu alikuwa Anti Wambui, Mkenya wa Nakuru, mlinzi kwenye jengo moja la maduka, aliyepanga kile chumba kidogo karibu na jiko. Mama akitusikia tumechangamka tu, anatoa kichwa mlangoni: "Nyie! Kuna mtu amelala humu!" Tukajifunza kucheka kwa kunong'ona. Mpaka leo nikifurahi sana sauti inashuka badala ya kupanda, na wanaonijua wanaona ni heshima, kumbe ni Anti Wambui.

Niwaeleze na lugha ya nyumbani kwetu, maana hadithi yote imekaa hapo. Baba alizaliwa Unguja na alisema Kiunguja chake bila kukibadilisha hata mbele ya Wahindi wa gereji. Mama ni wa Njombe, huko kwenye baridi na chai, na Baba akitaka kumtania alimwita mtu wa Bara. Anti Wambui alikuwa na Kiswahili chake cha Nakuru. Mimi, Asha, na mdogo wangu Nassor tulichota kwa wote watatu, tukaongeza Kiarabu cha barabarani na Kihindi cha dukani, tukavuruga vizuri. Mtu akituuliza sisi ni watu wa wapi tulijibu Al Qusais.

Neno moja tu halikuwa na mchezo kwangu, nalo ni Bara. Bara ilikuwa kwa bibi, mama yake Mama. Nilikuwa sijamwona. Nilimjua kwa sauti, kila Alhamisi jioni Mama alipokwangua kadi ya simu na kupiga, na kila Alhamisi bibi aliuliza lile lile: "Mnakuja lini?" Mama alijibu mwakani, inshallah. Tangu anizae mimi alikuwa hajarudi kwao, na mwakani hiyo ilikuwa inasogea mbele kila tukiikaribia. Akishakata simu alikuwa anakwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Baba alikuwa fundi na dereva kwenye yadi moja ya kukodisha karavani, yale magari makubwa yenye nyumba ndani yake, ambayo wenye nafasi zao huyachukua siku za baridi kwenda kutembea. Mwaka ule reli ya metro ilikuwa bado inajengwa, na Baba alikuwa amekesha na injini ya karavani moja kuukuu iliyokuwa inachemka kila ikipanda mlima. Akaitengeneza. Arbab wake, bosi mwenye yadi, mzee aliyeongea kama anagombana hata akikusifu, akamwambia aichukue mwisho wa wiki aijaribu milimani, na apakie familia.

Baba akaingia nyumbani na mafuta ya gari mpaka kwenye nyusi. "Arbab kasema, yalla Khamis, chukua watoto, ruuh barr. Ijumaa tunakwenda barr!"

Wenzangu mliokulia huku mnajua barr ni nini. Ni jangwani, nje ya mji, wanakokwenda watu kupiga mahema na kuchoma nyama baridi ikiingia. Lakini mimi nilikuwa na miaka minane, Kiarabu changu kilikuwa cha kuombea chenji na peremende, na Baba akichoka alikuwa na tabia ya kumeza mwisho wa maneno. Nikasikia Bara. Ijumaa tunakwenda Bara!

Sikuuliza. Ningeuliza nini? Baba kasema, Mama anacheka, Anti Wambui anapiga simu kazini kuomba ruhusa. Niliwaza tu kwamba kumbe safari yenyewe ni nyepesi, kinachotakiwa ni gari lenye vitanda. Nikatoa sweta langu kabatini, maana Mama alishasema Njombe mtu akitoka asubuhi bila sweta anarudi na mafua. Nikachukua pakiti ya tende kwa ajili ya bibi, nikaifunga ndani ya kitambaa. Mama aliona sweta akanisifu kwamba nimekuwa na akili.

Alhamisi jioni simu ilipopigwa, zamu yangu ilipofika, nilitoka nayo mpaka barazani kwa sababu ndani Nassor alikuwa anaruka juu ya kochi. Nikamwamkia bibi, akaitikia, kisha kabla hajauliza mimi nikawahi.

"Bibi, kesho tunakuja! Tunakuja na gari lina jiko, na vitanda, na choo!"

Laini ikakwaruza. Nikadhani kadi imekwisha. Kisha nikasikia bibi akimwambia mtu aliyekuwa naye jambo kwa Kibena, sauti imepanda, na yule mtu akashangilia. Bibi akaniambia atachinja kuku. Nikamrudishia Mama simu ikiwa imeshakata, nikaenda kulala na furaha.

Jamani, lile gari! Nimepanda vitu vingi baadaye, lakini sijaingia tena mahali nikahisi vile. Kulikuwa na mapazia ya maua ya rangi ya chungwa, meza inayogeuka kitanda, sinki la kutosha sahani moja, na bomba ambalo ukilifungua linanguruma kwanza ndipo liteme maji. Nassor alilifungua na kulifunga mpaka Mama akamkalisha. Anti Wambui alikagua kila kabati akishika kiuno. "Wee! Iko na friji kwa gari! Baba Asha, hii si gari, hii ni plot ya wapangaji!" Baba akatoa amri moja tu, kwamba atakayetumia choo cha gari kwa haja kubwa atakiosha mwenyewe, na safari nzima hakuna aliyethubutu.

Kituo cha kwanza kilikuwa Mushrif, ile bustani kubwa yenye miti ya ghafi iliyoota yenyewe mchangani. Sisi watoto wa lami tulikuwa hatujaona miti mingi mahali pamoja. Tulisimama chini yake tukitazama juu, Nassor akauliza nani anaimwagilia, Baba akasema hakuna, mizizi inashuka chini kuyatafuta maji yenyewe. Hilo lilinishangaza kuliko jengo refu lolote la mjini. Pale bustanini palikuwa na vijumba vidogo vilivyojengwa kwa mitindo ya nchi mbalimbali, na mtoto aliweza kuingia kimoja baada ya kingine. Nilivizunguka vyote nikitafuta cha Bara. Sikukiona, nikaridhika kwamba ni kwa sababu bado tuko mbali.

Tukasimama kwenye kimkahawa cha kando ya njia, Baba akapiga honi bila kushuka, kama ilivyo desturi, na kijana Mhindi wa Kikerala akaja mbio na chai ya maziwa na parata zilizoviringishwa mayai. Alipoona ndani ya gari letu kuna meza na mapazia alisahau kuchukua oda. Mama akamkaribisha apande aone. Alipanda, akagusa sinki, akashuka akitikisa kichwa, na nafikiri chai moja hakutuhesabia.

Kisha mji ukaisha. Kwa watoto wa sasa ambao wameshafika kila mahali kabla ya kuanza kutambaa sijui niwaelezeje. Mji uliisha tu, na mchanga ukaanza kubadilika rangi, kutoka ule wa kijivujivu wa nyuma ya jengo letu mpaka mwekundu kabisa. Ngamia walivuka barabara kwa madaha yao na malori yote yakasimama kuwasubiri. Halafu tukakifikia kile kilima cha mchanga mwekundu kando ya barabara ya Hatta, ambacho kila Ijumaa watu hukijia na vigari vyao vya magurudumu manene. Wao walikuwa wanakipanda kwa injini. Sisi tulikipanda kwa miguu, viatu mkononi, tunapanda hatua tunarudi nusu, Anti Wambui akilaumu buti zake za kazi ambazo alikataa kuzivua. Tulipofika juu tukaviachia viatu mchangani. Mbele yetu vilima vilikwenda mpaka macho yakachoka, na upepo ulikuwa unachora mistari juu yake na kuifuta tunaitazama. Mama alikaa chini mchangani, mtu ambaye hakai popote bila kupafuta, akasema, "Mungu ana nafasi." Nilimtazama Mama akiwa hana kazi mkononi. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo.

Tulipoendelea, simu ya Mama ikalia ujumbe. Anti Wambui akausoma kwa sauti: tumekaribishwa Oman. Siku hizo barabara ya Hatta ilikatiza kwenye kipande cha nchi ya watu, unapita bila kuulizwa, na simu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kujua. Wakubwa waliguna tu. Mimi nilibandika uso dirishani. Tumeshavuka nchi! Nikaanza kujisomea kimoyomoyo namna ya kumwamkia bibi kwa Kibena, maneno mawili aliyonifundisha Mama, nikalala na pakiti ya tende kifuani.

Nikaamshwa na injini ikihema. Baba ameinama mbele, anaisikiliza kama anasikiliza mgonjwa, na mshale wa joto umetulia mahali pake. "Haichemki!" alikuwa anasema. "Haichemki, mwaiona?" Nikatazama dirishani, nikaona milima. Milima ya kweli, ya mawe, imesimama pande zote mbili mpaka ikaziba jua. Mama alikuwa ameshika pazia, anaitazama bila kupepesa, akasema polepole, "Kwetu ni hivi hivi, ila kwetu ni kijani."

Kwetu, kasema. Nikavaa sweta. Gari liliposimama karibu na bwawa la Hatta, nikawa wa kwanza kushuka, sweta hadi shingoni, tende mkononi. Nikatazama huku na huku. Kulikuwa na familia zinachoma nyama, watoto wanakimbizana, na vijumba vyeupe chini ya mlima.

"Mama, ya bibi ni ipi?"

"Nini ya bibi?"

"Nyumba. Si tumefika Bara?"

Baba ndiye aliyeelewa kwanza. Akasema barr, kisha akasema Bara, akayarudia kama anaonja, halafu akaegemea gari akacheka mpaka akashika mbavu. Anti Wambui naye akaangua kicheko chake kile cha mtu anayelala mchana na ana siku moja tu ya kucheka. "Ati Bara! Huyu mtoto atanimaliza! Sasa hii milima ndiyo Tanzania?" Hata Nassor alicheka, na Nassor hakuelewa kitu.

Mimi nilikuwa nimeanza kulia. "Lakini nimemwambia! Jana nimemwambia tunakuja. Kasema anachinja kuku!"

Kicheko kikakatika. Mama alichomoa simu mkobani. Milimani mtandao ulikuwa unakuja na kupotea, na sasa ulipokuja, taarifa za simu zisizopokewa ziliingia kwa mfululizo, zote za namba ya bibi. Mama akaondoka nayo mpaka ukingoni mwa maji. Tulimwona akipiga, akifunika sikio moja, kisha akaanza kuzungumza. Alizungumza Kibena. Nyumbani alikuwa anakisema vipande vipande kwenye simu, akitazama dakika za kadi, lakini pale alikiachia chote, mikono inapaa, anachuchumaa, anasimama, na nikaona kwamba mama yangu ni mtu wa mahali ambapo mimi sijafika. Alicheka. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akaniita.

"Asha," bibi alisema. Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. "Nilijua ni mbali, mjukuu wangu. Lakini ulivyosema mnakuja, nikasema labda siku hizi kuna barabara."

 Akaniuliza hapo nilipo pana nini. Nikamwambia kuna milima haina miti, na maji ya kijani katikati yake, na mchanga mwekundu tulioupanda. Akasema nitazame vizuri, nije nimsimulie mwenyewe, akiwa ananiona. Kadi ikakata.

Jioni ile Mama alipika ugali kwenye lile jiko dogo, tukala mlango wazi tukitazama milima ikibadilika rangi. Baba alikaa kwenye ngazi ya gari, sahani magotini, bila kula. Asubuhi tulikwenda wote ukingoni mwa bwawa kabla watu hawajaamka. Maji yalikuwa yametulia kabisa, milima imelala ndani yake kichwa chini, na Nassor alinong'ona kuuliza kama tunaruhusiwa kuongea. Ndipo Baba aliposema, bila kugeuka, "Mama Asha. Mwaka huu tunakwenda."

"Inshallah," Mama akasema.

"Si inshallah ile. Inshallah ya kweli. Nikifika yadini nnazungumza na arbab, asiponipa likizo n'tamrejeshea ufunguo wake."

Arbab alipiga kelele siku mbili, kisha akatoa likizo. Nasikia alipoelezwa habari ya barr na Bara alicheka kuliko wote, akawa anaisimulia kwa kila mteja.

Tukaenda shule zilipofungwa. Ndege mpaka Dar es Salaam, basi kutwa nzima, kisha gari dogo, kisha miguu, juu ya udongo mwekundu unaoteleza, kwenye baridi ambayo sweta langu liliiomba msamaha. Kila kitu kilikuwa kijani hadi nikahisi macho yanakosa pa kupumzika. Njiani nyumba zote zilikuwa zimezungushiwa michongoma, ua wa miiba uliobana, na kila ua una kijia kidogo cha mtu mmoja kupita.

Ua wa bibi ulikuwa na pengo. Pengo kubwa, limekatwa upande mmoja wa nyumba, na ardhi yake imesawazishwa kwa jembe na kupangwa mawe. Mama akasimama. Akauliza kwa Kiswahili, kwa mshangao hata akasahau kusalimia, ua umefanywa nini.

Bibi alikuwa anakuja mbio kwa namna ya wazee, mikono mbele. Mfupi kuliko nilivyodhani. Alimshika Mama kwanza, kwa muda mrefu, kisha akanishika mimi uso kwa viganja viwili vya baridi. Halafu akachungulia nyuma yetu, barabarani.

"Na lile gari lenye jiko?" akauliza. "Tuliwakatia njia ya kuingilia."

Majirani walikuwa wamekuja usiku ule ule niliposema kwenye simu kwamba tunakuja, wakakata michongoma mpaka asubuhi kwa taa za kandili, kwa kukisia upana wa gari ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Na baada ya kuambiwa kwamba ilikuwa makosa ya mtoto, bibi hakuziba. Mbuzi waliingia wakala kabichi zake, watu wakamshauri, akawajibu kwamba mjukuu kasema wanakuja, hakusema hawaji. Nilikaa siku zote za likizo ile nikimsimulia mchanga na milima, akiniona, kama alivyotaka, na alishangaa kila mahali palipostahili.

Sasa mpwa wangu, mtoto wa Nassor, ana miaka minne na anajua kufungua ramani. Kila Ijumaa anazungumza na Mama, ambaye alisharudi kuishi Njombe, uso kwa uso kwenye kioo cha simu, na kila mmoja anaona mwenzake anakula nini. Sisi tukisema tunakuja, wanafuata kidoti chetu kwenye ramani ya simu, wanajua tumesimama wapi kununua maji. Hakuna anayekosea tena. Ni vizuri, sisemi kwamba si vizuri, na bibi angekuwa hai angeipenda simu ile. Lakini mtu anayejua utafika dakika gani anatia sufuria jikoni dakika hiyo hiyo. Hakati ua.